Futi Ishirini za Moto

Nilimuua rafiki yangu Jumamosi moja ya masika, saa tisa alasiri, kwenye baraza la nyumba ya wageni ya shamba la ngano, na hadi leo sijamsamehe aliyesababisha nimuue. Rafiki mwenyewe alibaki mzima, ameketi mbele yangu na kikombe chake cha chai. Aliyekufa ni mtu wake wa kwenye karatasi, shujaa wa mkuki aliyemlea kwa miezi miwili. Watu wengi nikiwasimulia hucheka wakifika hapa. Wacheke. Nitasimulia hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya mashamba ya ngano ya serikali, tambarare za Hanang zilipolimwa kwa mitambo ambayo sisi wa milimani hatukuwahi kuiona. Mimi nilitoka Mbulu juu, ambako shamba la baba lilikuwa dogo kiasi kwamba ng'ombe akigeuka, mkia unaingia kwa jirani. Nilipomaliza kidato cha nne, kwa kuwa hesabu nilifaulu vizuri, niliajiriwa kwenye mashamba ya majaribio kama mpimaji. Vyombo vyangu vilikuwa kamba, vigingi, futi ya kitambaa na pete kubwa ya waya. Pete unairusha katikati ya ngano, unachuchumaa pale ilipoangukia, unahesabu magugu yaliyo ndani yake, unaandika, unarusha tena.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni mtaalamu wa magugu, kijana wa kigeni aliyejifunza Kiswahili miezi mitatu kabla ya kuja na akakizungumza bila woga.

"Hesabu shina," aliniambia siku ya kwanza. "Jani likiinama likaingia ndani, si lako. Shina likiwa ndani ni lako, hata kama majani yote yako nje."

Siku moja nilikosea mashina mawili akanirudisha nipime upya kipande kizima, jua la saa saba likiwa utosini. Sikununa. Nilimheshimu zaidi. Nilijiambia, huyu mtu anajali mpaka uko wapi.

Masika yalipokuja barabara ya Katesh ilifungwa kwa tope. Udongo ule mweusi ukishanyeshewa hushika gurudumu kama mtoto aliyeshika shingo ya mama yake. Lori la mahitaji lilikaa wiki mbili bila kufika. Jumamosi tulikuwa tukitoka kazini saa sita, na baada ya hapo hakuna la kufanya. Ndipo mtaalamu alipotoa boksi lake na kutafuta watu watatu wa kucheza naye.

Wa kwanza alikuwa fundi mkuu wa karakana, mzee wa kigeni kutoka nchi moja na mtaalamu, mjane, mtu wa maneno machache. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo naye akijibu "marahaba" kwa furaha, kana kwamba nimempa zawadi. Wa pili alikuwa dereva wa kombaini, mwenyeji wa Gendabi, mwana wa wafugaji. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wakipita hapo hapo penye ngano kwenda kunywa maji, kabla ya ngano. Yeye sasa ndiye aliyeendesha mtambo wa kuivuna. Jambo hilo hakulisema, nasi hatukumuuliza. Wa tatu nilikuwa mimi.

Mchezo wenyewe haukuwa na kete za kusukuma wala mshindi. Mtaalamu alikuwa mwendeshaji: alisimulia tumefika wapi, mbele yetu kuna nini, nasi kila mmoja alisema mtu wake anafanya nini. Palipokuwa na shaka, tulirusha dadu. Zilikuwa dadu za ajabu, nyingine na nyuso ishirini. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, uhai aliobakiwa nao. Uhai ukifika sifuri, amekufa, na karatasi ni ya kutupa.

Mzee alikuwa na padri mwenye rungu. Dereva alikuwa na shujaa wa mkuki. Mimi nilipewa mtu wa kurusha moto, na kitabu cha kanuni za mchezo kilimwita kwa neno ambalo kwa Kiswahili ni mchawi. Nilikataa palepale. Mama yangu alikuwa mama wa kanisa. Habari ikifika Mbulu kwamba binti yake kila Jumamosi anakuwa mchawi nyumbani kwa wageni, wangekuja kunichukua kabla tope halijakauka. Tulijadiliana mpaka tukakubaliana kumwita fundi wa moto.

Fundi wa moto alikuwa na jambo moja kubwa, tufe la moto. Analirusha, linapasuka mahali alipochagua, na kila aliye ndani ya duara lake anaungua. Kila aliye ndani, adui kwa rafiki. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa kabla ya kurusha, kujua duara litaishia wapi. Nilifurahi mno. Wenzangu walikuwa wakicheza. Mimi nilikuwa kazini kwangu, ila sasa pete yangu ilikuwa ya moto. Nilichukua karatasi za miraba kutoka ofisini, nikawa nachora kila mahali tulipoingia, mraba mmoja futi tano.

Mara ya kwanza kulirusha ilikuwa kwenye bonde la siafu wakubwa kama mbuzi. Walikuwa wamemzingira padri wa mzee. Nilichora, nikapima, nikaona kwamba nikipasua moto pale walipojaa zaidi, padri atakuwa futi kumi na tano kutoka katikati. Kanuni ilisema futi ishirini, lakini mimi kitabu sikuwa nacho. Nikamuuliza mwendeshaji.

"Bwana, hizo futi ishirini zinapimwaje? Mzee ataungua?"

Alitazama kitabu. Akamtazama mzee. Akaweka kidole kwenye mstari.

"Ni upana wa moto wote," alisema. "Kumi upande huu, kumi upande huu. Yuko nje."

Nilirusha. Siafu wakaungua, padri akabaki amesimama, mzee akapiga makofi. Kwenye daftari langu niliandika: kipenyo, futi ishirini. Nikapiga mstari chini yake.

Ile Jumamosi ninayoisimulia ilikuja wiki sita baadaye. Tulikuwa ndani ya ukumbi wa mawe na majambazi kumi na wawili. Padri amejeruhiwa, mimi nguvu zimeniishia, nimebakiwa na moto mmoja tu. Shujaa wa dereva akasimama peke yake mlangoni ili sisi tupite.

"Mimi nipo hapa," dereva alisema. "Nyie piteni."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akicheza. Maneno machache, na daima upande wenye hatari.

Nilichora ukumbi mzima. Nilipima mara mbili, kama nilivyofundishwa. Nikamgeuzia karatasi.

"Kaka, moto nitaupasua hapa. Wewe uko futi kumi na tano kutoka katikati. Uko nje kwa futi tano nzima. Nirushe?"

Hakuitazama hata karatasi. "Rusha, dada. Wewe ndiye unayepima."

Nikarusha dadu. Zilitoka vizuri kuliko siku zote. Mtaalamu akajumlisha, akasema majambazi wote wamekufa, mzee akapiga meza kwa furaha, nami nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti. Kisha mtaalamu, bila kuinua macho kwenye kitabu, akasema:

"Na shujaa pia."

"Shujaa gani?"

"Wa mlangoni. Futi ishirini kutoka katikati, kila upande. Yeye yuko kumi na tano. Ameungua." Akahesabu kwa vidole. "Amekufa."

Nilidhani amekosea lugha. Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha maandishi yangu na mstari wake. "Ulisema upana wa moto wote. Kumi huku, kumi huku. Mzee alikuwa palepale, futi kumi na tano zile zile, na hakuungua hata nywele."

"Siku ile nilikosea."

"Basi mzee naye ameungua."

"Hapana, hayo yamepita."

"Nimerusha kwa kipimo ulichonipa wewe! Ungeniambia kabla sijarusha, nisingerusha."

"Ungeuliza."

"Niliuliza! Ulishanijibu!"

Kama tungekuwa ndani ya shimo jembamba ningeelewa, kwa maana alishatueleza kwamba moto ukikosa nafasi hukimbia mbele kama maji kwenye mfereji. Lakini ule ulikuwa ukumbi mpana, futi sitini kwa themanini, nimeuchora mwenyewe. Nikamkumbusha mashina mawili. Nikamwambia wewe ndiye uliyenifundisha kwamba shina likiwa nje ni nje, kesho na keshokutwa. Uso wake ukawa mwekundu.

"Huku si shambani," alisema. "Kwenye mchezo, mwendeshaji ndiye sheria."

 Dereva aliichukua karatasi ya shujaa wake, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kisahani.

"Basi, dada," aliniambia. "Mpaka husogea. Sisi tumeshazoea."

Akashukuru kwa chai, akavaa mabuti yake pale ngazini, akaondoka kwenye tope.

Wageni wale wawili hawakuelewa alichosema. Mimi nilielewa. Wazee wa kwao walikuwa wakisimulia jinsi vigingi vya shamba vilivyowekwa msimu mmoja mahali fulani, msimu uliofuata vikaonekana mbele zaidi, juu ya njia yao ya maji, na walipouliza waliambiwa ramani iko ofisini. Sikuwepo wakati ule. Lakini kamba iliyopima ni kamba kama yangu, na mkono uliorusha moto ule barazani ulikuwa wangu.

Jumatatu nilimfuata mtaalamu ofisini nikamwomba kitabu.

"Kitabu ni cha mwendeshaji tu," alisema. "Wengine hawaruhusiwi kukisoma, kitaharibu mchezo."

"Kwa hiyo kanuni nisiyoruhusiwa kuisoma ndiyo inayoniulia watu?"

Alinitazama, akakitoa kwenye droo. "Hadi Jumatano."

Jioni mbili nilikaa na kamusi. Kiingereza changu kilikuwa cha shule, lakini neno nililolitafuta lilikuwa la hesabu, nalo nililijua tangu kidato cha pili. Nusu kipenyo. Futi ishirini za nusu kipenyo. Kitabu kilikuwa upande wake. Kwa dereva alikuwa amehukumu sawasawa. Kwa mzee ndiko alikopindisha. Nilikaa nimeshika kichwa. Nilikuwa nimetafuta silaha, nimekuta kisu kinanielekea mwenyewe.

Halafu hasira ikanirudia ikiwa na nguvu mpya. Kama kitabu kilisema wazi namna ile, na yeye kidole chake kilikuwa juu ya mstari, alisomaje upana? Mtu anayetambua gugu kwa jani moja la mche haoni tofauti ya kipenyo na nusu yake?

Jumamosi iliyofuata niliamkia kwenye uwanja wa saruji wa kuanikia ngano. Nilipigilia kigingi kwenye ufa wa katikati, nikafunga kamba, nikachora kwa chokaa duara la futi kumi, kisha nje yake duara la futi ishirini, kwa ukubwa wake halisi. Kwenye futi kumi na tano, kati ya duara na duara, niliweka alama ya msalaba. Kisha nikawaita wote watatu. Dereva alikuja, lakini alisimama mbali, kwenye mlango wa banda, mikono ameikunja kifuani.

"Mzee, shikamoo. Naomba usimame hapo penye msalaba."

Mzee akasimama, kofia mkononi.

"Hapo ulikuwa siku ya siafu," nilisema. "Na hapo ndipo shujaa alipokuwa siku ya majambazi. Ni mahali pamoja." Nikamgeukia mtaalamu. "Moto ukiishia duara la ndani, wote wawili wako hai. Ukiishia la nje, wote wawili wamekufa. Mimi nakubali lolote. Chagua moja."

Mtaalamu alicheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Mzee aliinama kulitazama duara la ndani, akageuka kulitazama la nje, akapima kwa hatua zake ndefu bila haraka. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika:

"Basi mimi maiti. Maiti toka siku ya siafu." Akatoa karatasi ya padri mfukoni, akavuka duara, akaenda nayo hadi mlangoni kwa dereva. "Wewe chukua yangu."

Dereva aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akamrudishia kwa mikono miwili. "Asante, mzee. Wa mtu mwingine sitamweza."

Mtaalamu hakuchagua. Alisema nimetumia chokaa ya shamba kwa upuuzi, na kwamba ngano ikianikwa hapo itachafuka, nifagie. Akaondoka. Nikafagia. Niliifagia saruji yote, mbele ya vibarua waliokuwa wakipita na kuuliza ni alama za nini, na kila aliyeuliza nilimweleza kisa chote tangu siafu, polepole, bila kuruka hata futi moja. Kufikia adhuhuri karakana nzima ilikuwa ikibishana kuhusu nusu kipenyo.

Barazani hatukurudi tena. Lakini dereva alikuwa ameonja kitu na hakutaka kukiacha, nami pia. Mvua zilipopungua tulianza wenyewe, kwenye banda la kombaini, tumekalia matairi. Nilikuwa nimenakili ukurasa ule wa moto kabla ya kurudisha kitabu, na sasa niliutafsiri kwenye daftari, neno kwa neno. Kabla ya ukurasa huo dereva alinitaka niandike jambo letu wenyewe: duara huchorwa kwanza, kila mtu akalitazama, ndipo moto urushwe. Wiki ya pili mzee wa karakana alikuja na kigoda chake na dadu sita alizozichonga kwa vipande vya plastiki ngumu. Za nyuso ishirini zilimshinda. Badala yake tulichota vikaratasi vya namba kwenye kopo.

Tulibishana sana, lakini ulikuwa ubishi mtamu. Je, aliye nyuma ya jiwe anaungua? Kitabu hakikusema waziwazi. Mzee alisema jiwe ni kinga. Dereva alitikisa kichwa.

"Umewahi kuona moto wa nyasi ukifika kwenye kichuguu?" aliuliza. "Haupandi. Unapita pande zote mbili halafu unakutana nyuma yake. Anayejificha nyuma ya kichuguu ndiye anayeungua vibaya."

"Sasa ajifiche wapi?"

"Mahali palipokwisha kuungua. Kila mchungaji anajua."

Tukaandika hivyo. Shujaa wake mpya alikuwa na mkuki ule ule, na nilimrushia moto karibu mara nyingi tu, akiwa nje kwa futi tano, mara moja kwa futi moja. Hakuungua hata siku moja.

Mwaka uliofuata mkataba wa mtaalamu uliisha. Siku moja kabla ya safari alinikuta kwenye vipande vyangu vya ngano, nimechuchumaa juu ya pete. 

"Bado umekasirika?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Siku ile ya siafu niliona neno ni nusu kipenyo," alisema. "Niliona vizuri. Lakini mzee alikuwa amefiwa na mkewe, na mchezo ndio uliokuwa unamtoa nyumbani. Nilijua padri akifa, mzee hatarudi."

Nilimwelewa, na hilo liliniudhi zaidi. Mzee tulimpenda sote. Angesema wazi siku ile, "Jamani, tumwache mzee," nani angekataa?

"Na dereva je?" nilimuuliza. "Hukuogopa kwamba naye hatarudi?"

Alifikiri kweli, sitamsingizia. Alifikiri kama mtu anayetafuta jibu la haki.

"Yeye nilijua atavumilia," alisema.

 Niliinama nikaendelea kuhesabu, na namba nilizoandika asubuhi ile zilikuwa ovyo, nikalazimika kuzipima tena alipokwisha kwenda.

Nilikaa na neno lile usiku kucha nikijiuliza kama nimwambie dereva au nimfiche. Nikaona kumficha ni kumtendea vilevile, kuamua mimi kile anachoweza kubeba. Asubuhi nilimfuata. Ulikuwa msimu wa kuvuna, anapaka grisi kwenye kombaini. Nilimweleza yote, hadi neno la mwisho.

Alisikiliza akiwa bado na bomba la grisi mkononi.

"Alisema nitavumilia?"

"Ndivyo alivyosema."

"Gari lake limeondoka saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Bahati yake," alisema.

Akafuta mikono, akapanda, akawasha mtambo, na siku ile alivuna bila kushuka hata kwa chakula cha mchana.